Adolph Rupp: Mwalimu Aliyetoka Benchini

Ndugu Mhariri alipotuomba tuandike habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, nilijua wenzangu watakimbilia viongozi wa siasa, majemadari na wavumbuzi. Mimi nimemchagua mwalimu wa mpira wa kikapu, tena wa Marekani, Bwana Adolph Rupp wa Chuo Kikuu cha Kentucky. Waliokaa nami bweni moja hawatashangaa.

Kwa faida ya wanafunzi mliopo sasa, hapana budi nieleze. Katika timu ya shule yetu mimi nilikuwa mchezaji wa akiba. Kwa miaka miwili jezi yangu haikupata kulowa jasho siku ya mechi. Kazi yangu ilikuwa kutunza chupa za maji na taulo. Mwalimu aliyetufundisha mchezo wakati ule, ambaye jina lake naliacha, alikuwa na watu wake watano, nao walikuwa hodari kweli kweli. Mazoezini watano hao walicheza, sisi wengine tukaokota mipira. Siku ya mechi yetu kubwa kuliko zote, wawili kati yao wakatolewa kwa faulo tano zikiwa zimebaki dakika saba. Mwalimu akageuka nyuma, akanitazama kana kwamba ananiona kwa mara ya kwanza. Niliingia uwanjani sijui nisimame wapi wala nimkabe nani. Tulikuwa mbele kwa pointi tisa. Tulishindwa kwa pointi mbili, na mpira wa mwisho ulipotea mikononi mwangu.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza timu ya mpira wa kikapu inahitaji watu wangapi hasa. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mechi ya vyuo vikuu vya Marekani ina dakika 40, na uwanjani wapo watu watano, kwa hiyo mwalimu ana dakika 200 za kugawa. Akiwagawia watu saba sawasawa, kila mmoja atapata dakika 28 na ushei. Akiwagawia kumi, kila mmoja atapata 20. Ugumu ni kujua ni yupi kati ya wagawaji hao wawili atakayechukua kombe. Katika kusoma habari za mchezo huo nilimkuta Bwana Rupp, ambaye aliishi na swali hili kwa miaka zaidi ya hamsini, kwanza akiwa amekalia benchi, kisha akiwa amesimama mbele yake.

Alizaliwa tarehe 2 Septemba 1901 huko Halstead, katika jimbo la Kansas, mtoto wa wahamiaji wakulima waliotoka Ulaya wakizungumza Kijerumani. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo, na wavulana wa nyumba ile wakakua kwa kazi ya shamba. Mwaka 1919 aliingia Chuo Kikuu cha Kansas, mjini Lawrence. Wakati huo mzee James Naismith, yule aliyeuvumbua mchezo huu mwaka 1891, alikuwa bado anafundisha chuoni hapo, na timu ilikuwa chini ya Forrest Allen, maarufu kwa jina la Phog, ambaye Wamarekani wengi humhesabu kuwa baba wa kazi ya ukocha wa kikapu. Timu zake za 1922 na 1923 zilikuja kutajwa baadaye kuwa bora kuliko zote katika nchi. Rupp alikuwamo katika kikosi. Uwanjani lakini hakuingia ila mara chache mno.

Tuelewe benchi la siku zile lilikuwa kitu gani. Kabla ya msimu wa 1920 na 1921, mchezaji akitoka uwanjani alikuwa ametoka. Hakuruhusiwa kurudi tena katika mechi ile. Baadaye akaruhusiwa kurudi mara moja, na mwaka 1933 mara mbili. Ni mwaka 1944 tu ndipo walimu walipopewa ruhusa ya kubadilisha watu kadiri wapendavyo, na mwaka huo huo faulo za kumtoa mchezaji zikaongezwa kutoka nne hadi tano. Kwa hiyo katika ujana wa Rupp mwalimu aliogopa kumpumzisha mtu wake hodari, maana kumpumzisha ilikuwa karibu sawa na kumpoteza. Mchezaji wa akiba alikaa akingoja mwenzake aumie. Tena baada ya kila kikapu mpira ulirudishwa katikati na kurushwa juu upya, na wachezaji wakapata kuvuta pumzi. Desturi hiyo ilipoondolewa mwaka 1937, mchezo ukawa wa mbio tangu mwanzo hadi mwisho, na mapafu yakawa na bei.

Kijana huyo wa benchi alimaliza masomo yake mwaka 1923 akaenda kufundisha katika shule za sekondari, hasa Freeport, katika jimbo la Illinois, kuanzia 1926. Mwaka 1930 Chuo Kikuu cha Kentucky, mjini Lexington, kikamwajiri. Alikaa hapo miaka 42.

Mazoezi yake yalikuwa kama darasa la mtihani. Hakuna aliyeruhusiwa kupiga soga. Mlio uliosikika ni wa mipira na viatu, na sauti ya mwalimu mwenyewe, ambayo kwa habari zote haikuwa na huruma. Alikuwa na mipango michache tu ya kushambulia, lakini kila mmoja ulirudiwa mpaka mchezaji aweze kuucheza usingizini. Siku za mechi alivaa suti ya rangi ya kahawia, hiyo hiyo mwaka baada ya mwaka. Watano wa kwanza waliochaguliwa walijuana kama vidole vya mkono mmoja. Ndiyo faida ya kikosi chembamba, na wanaosifu mabenchi marefu huisahau: pasi ya kikapu hurushwa mahali ambapo mwenzako atakuwepo, siyo alipo, na kujua huko hakuji kwa dakika tatu tatu.

Mwaka 1948 watano wake, Alex Groza, Ralph Beard, Wallace Jones, Cliff Barker na Kenny Rollins, walitwaa ubingwa wa vyuo vya nchi nzima kwa kuifunga Baylor 58 kwa 42. Mwaka huo huo palitokea jambo linalonivutia kuliko ubingwa wenyewe. Katika mashindano ya kuchagua timu ya Marekani ya Michezo ya Olimpiki, Kentucky ilifungwa katika fainali na timu ya watu wazima ya kampuni ya mafuta ya Phillips. Ikaamuliwa kwamba watano wa Kentucky na watano wa Phillips waunde kiini cha kikosi kimoja. Huko London, mwalimu mkuu akiwa Bud Browning wa Phillips na Rupp akiwa msaidizi wake, timu hizo mbili zilipokezana kiti: watano wale wakichoka waliingia watano hawa, kila kundi likicheza mchezo wake uliouzoea. Waliiponyoka Argentina kwa pointi mbili tu, kisha katika fainali wakaifunga Ufaransa 65 kwa 21. Hapo Rupp aliona kwa macho yake benchi refu lisilovunja maelewano, kwa sababu kila aliyeingia aliingia pamoja na wenzake aliozoea kucheza nao.

Nyumbani hakuwa na watu kumi wa namna hiyo, au tuseme hakuwatafuta. Alichukua ubingwa tena mwaka 1949 na 1951. Halafu jina likachafuka. Mwaka 1951 iligundulika kwamba baadhi ya wachezaji wake wa 1949, wakiwamo Groza na Beard, walikuwa wamepokea fedha za wacheza kamari ili kupunguza idadi ya pointi za ushindi. Rupp alikuwa amejigamba hadharani muda mfupi kabla kwamba vijana wake hawaguswi. Chuo kikafungiwa, kikapoteza msimu mzima wa 1952 na 1953 bila mechi hata moja.

Adhabu hiyo ilizaa mkasa wa 1954, ambao nauhesabu kuwa kiini cha habari hii. Kentucky ilirudi uwanjani kwa hasira ikashinda mechi zote 25. Nguzo za timu zilikuwa tatu, Cliff Hagan, Frank Ramsey na Lou Tsioropoulos. Lakini kwa kuwa walipoteza mwaka mmoja wa michezo huku wakiendelea na masomo, watatu hao walikuwa wamekwisha kupata shahada zao, na sheria za mashindano ya taifa hazikumruhusu mhitimu kucheza. Mwaliko ulipofika, Rupp aliangalia waliobaki. Wachezaji wengi walitaka kwenda, yeye akakataa. Ubingwa ukaenda kwa La Salle, timu ambayo Kentucky ilikuwa imeifunga msimu ule ule.

Wapo wanaosema alifanya vyema kulinda rekodi isiyo na doa. Mimi, niliyetunza chupa za maji, siwezi kuafiki. Vijana wale walikuwa wamefanya mazoezi pamoja na nguzo hizo tatu kwa miaka miwili. Kama walikuwa hawafai kwenda, aliyewafundisha ni nani? Katika utumishi wetu wa serikali nimeliona jambo hilo hilo: ofisa akienda likizo mafaili hulala mpaka arudi, kwa sababu aliyeachiwa kukaimu hakuonyeshwa kazi, kisha akaja kulaumiwa kuwa hajui kazi.

Haki lazima itendeke, hata hivyo. Mara mbili benchi lilimwokoa. Katika fainali ya 1951 dhidi ya Kansas State, Hagan alikuwa mgonjwa akaanzia nje. Alipoingizwa mchezo ukageuka, wakashinda 68 kwa 58. Mwaka 1958, akiwa na timu iliyokuwa imefungwa mechi sita na ambayo hakuna aliyeitegemea, alikutana na Seattle ya Elgin Baylor. Aliwaagiza watu wake wamshambulie Baylor mwenyewe ili apate faulo, naye akazipata mapema, ikabidi acheze kwa uoga. Lakini mchezaji wa kati wa Kentucky, Ed Beck, naye alikuwa na faulo nyingi, na Don Mills aliyetoka benchini kushika nafasi yake akatumbukiza kikapu kilichoitanguliza Kentucky kipindi cha pili. Wakashinda 84 kwa 72, ukawa ubingwa wa nne wa Rupp, na wa mwisho.

Tunafika mwaka 1966. Kikosi cha mwaka huo kilipendwa kuliko vyote kwa sababu kilikuwa cha watu wafupi. Kati ya watano wa kwanza hapakuwa na aliyezidi futi 6 na inchi 5. Walikuwa Pat Riley, Louie Dampier, Larry Conley, Tommy Kron na Thad Jaracz, wote Wazungu, kama ilivyokuwa timu nzima. Tarehe 19 Machi, huko College Park, Maryland, walikutana katika fainali na Texas Western, chuo cha mjini El Paso kilichokuwa chini ya kijana Don Haskins. Haskins alikuwa na wachezaji 12. Usiku ule aliwatumia saba tu, na wote saba walikuwa Weusi. Haijapata kutokea kabla ya hapo kwamba bingwa wa vyuo aanze fainali na Weusi watano.

Texas Western ilishinda 72 kwa 65. Bobby Joe Hill aliwanyang'anya Kentucky mpira mara mbili mfululizo katika kipindi cha kwanza, na hapo mchezo ukaegemea upande mmoja. Lakini nawaomba mtazame karatasi ya pointi kama mtu wa benchi anavyoitazama. Rupp alitumia watu tisa, Haskins saba. Kwa hesabu ya vichwa, benchi la Kentucky ndilo lililokuwa refu. Watano wa kwanza wa Rupp walifunga pointi 61, na wanne walioingia baadaye wakafunga nne tu, zote za mtu mmoja. Kwa upande wa pili, Harry Flournoy aliumia goti mapema. Willie Cager na Nevil Shed wakaingia kutoka benchi, wakafunga pointi 11 baina yao, na ukuta wa Texas Western haukutikisika. Tofauti ya mechi nzima ilikuwa pointi saba. Ndiyo tofauti ya mabenchi yenyewe, 11 kwa nne.

Tena Texas Western walipata mitupo huru 34 wakafunga 28. Kentucky walipata 13. Anayechelewa kufika mahali pake humshika mpinzani, na mwamuzi hupuliza filimbi.

Hilo la watu saba na watu tisa ni upande mmoja tu wa habari. Upande wa pili unahusu wale ambao hawakuwa hata benchini. Sheria ya jimbo la Kentucky ya 1904 ilikataza Weusi na Weupe kusoma pamoja. Chuo Kikuu cha Kentucky kilimpokea mwanafunzi wa kwanza Mweusi wa masomo ya juu mwaka 1949 kwa amri ya mahakama, na wanafunzi wa shahada ya kwanza mwaka 1954. Tangu hapo mlango ulikuwa wazi kisheria, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 rais wa chuo alimhimiza Rupp autumie. Alikwenda kwa mwendo wa kobe. Wanaomtetea wanasema aliwafuata vijana kadhaa wakakataa, na kwamba safari za majimbo ya kusini zingewahatarisha. Yote hayo yana ukweli. Lakini mwaka ule wa 1966, timu yake ilipokosa mtu mrefu wa kushindana na David Lattin chini ya kikapu, katika jimbo hilo hilo alikuwapo Wes Unseld, mzaliwa wa Louisville, bingwa wa sekondari za Kentucky mara mbili. Alikuwa katika mwaka wake wa kwanza wa kuruhusiwa kucheza, akiichezea Louisville. Rupp alikuwa amejaribu kumpata. Kijana Mweusi wa wakati ule alikuwa na sababu za kutosha za kutokwenda Lexington, na miaka iliyotangulia ya kiti kitupu ilikuwa mojawapo.

Mchezaji wa kwanza Mweusi wa Rupp, Tom Payne, aliingia uwanjani mwishoni mwa 1970, miaka 16 baada ya mlango kufunguliwa. Nimesoma maandishi mengi yenye kupima urefu wa mabenchi ya vyuo kwa idadi ya watu wanaocheza zaidi ya dakika kumi. Ni kipimo kizuri. Hakimhesabu aliyeachwa nje ya uwanja.

Je, baada yake chuo hicho hicho kilijifunza nini? Mwaka 1996, chini ya Rick Pitino, Kentucky ilikuwa na mchezo wa kumbana mpinzani uwanja mzima, kazi inayomaliza mtu nguvu upesi, na ilikuwa na wachezaji wa kutosha wa kupokezana kazi hiyo. Ikachukua ubingwa. Mwaka 2012, chini ya John Calipari, watu saba hivi walibeba mzigo wote, nao pia wakachukua ubingwa. Kisha msimu wa 2014 na 2015 Calipari akaanza na makundi mawili ya watano watano, karibu kama yale ya London ya 1948. Mmoja alipoumia Desemba mpango ukalegezwa. Timu ikashinda mechi 38 bila kufungwa, halafu ikaanguka mbele ya Wisconsin katika nusu fainali, 71 kwa 64. Kwa hiyo anayetaka namba moja ya kuandika ukutani hataipata. Timu ya mbio inahitaji watu wengi. Katika mashindano ya Machi, yenye siku za kupumzika na mapumziko ya matangazo ya televisheni, saba hutosha. Wa nane lazima awepo hata hivyo, tena awe amefundishwa kama wa kwanza, kwa sababu goti la Flournoy halikutoa taarifa.

Rupp alistaafishwa mwaka 1972 kwa kufikisha miaka 70, umri wa kustaafu chuoni, naye hakuficha kwamba hakupenda. Aliacha ushindi wa mechi 876 dhidi ya kushindwa 190. Katika msimu wa 1967 na 1968 alikuwa amempita mwalimu wake Allen kwa idadi ya ushindi, na rekodi yake ilidumu mpaka Dean Smith wa North Carolina alipoivunja mwaka 1997. Mwaka 1976 uwanja mkubwa wa ndani mjini Lexington ulifunguliwa ukiwa na jina lake.

Aliyerithi kiti chake alikuwa Joe B. Hall. Huyu alijiunga na Kentucky wakati wa wale watano wa 1948, akacheza msimu mmoja katika kikosi kikubwa, akaona hana nafasi mbele yao, akahamia chuo kidogo cha Sewanee ili apate kucheza. Mwaka 1965 alirudi kwa Rupp kama msaidizi.

Tarehe 10 Desemba 1977 Kentucky walisafiri hadi Lawrence kucheza na Kansas, katika uwanja wenye jina la Phog Allen, na wenyeji walikuwa wameutenga usiku ule kumheshimu Rupp, mtoto wao aliyekalia benchi la hapo zaidi ya miaka hamsini nyuma. Mwenyewe alikuwa amelala hospitalini Lexington. Alifariki usiku huo huo, akiwa na umri wa miaka 76. Kentucky walishinda, wakiongozwa na Hall, na Machi iliyofuata wakachukua ubingwa wa nchi, wa kwanza tangu ule wa 1958.